Bi Taratibu anavyowapitisha wageni kwenye maua ya wifi yake

Ukungu bado umelala juu ya mashamba. Mwanamke mwenye buti za mpira na kitenge kilichokazwa kiunoni amesimama katikati ya njia, mikono ameitandaza kama anayezuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi ya jirani.

"Taratibu, jamani, taratibu!" anasema. "Hapa tunaingia chumbani kwa watu. Huyo wa kushoto kwako, mama, kafumbua jicho jana jioni tu. Ukimkanyaga leo, mwenyewe nitamwambia nini?"

"Huyo" ni ua: yungiyungi jeupe lenye umande mdomoni, limesimama na wenzake kwa mistari kutoka ukingo wa njia hadi chini bondeni. Mbele ya mwanamke huyu wamejipanga watu wa familia moja waliotoka mjini gizani. Yupo bibi mwenye fimbo, wapo wanawe, wajukuu, na mkwe mmoja aliyevaa viatu vyeupe ambavyo tayari vinajuta kuja.

Wanapita mmoja mmoja. Hakuna anayecheka kwa sauti wala anayechuma, na hata wajukuu wanatembea kama wameingia nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala.

Huku vilimani wanamwita Bi Taratibu. Jina lake la kuzaliwa linajulikana na wachache, naye halitilii maanani. "Hilo la kwanza nilipewa bure," anasema. "Hili nimelitolea jasho."

Kazi yake ni kuwatembeza wageni. Anawapokea barabara kuu inapoishia, anawapitisha kwenye mashamba madogo ya maua, anawapandisha hadi kwenye pango lenye michoro ya kale, kisha anawateremsha upande wa pili, kwenye kijiji cha wafinyanzi. Jioni huwarudisha kwenye gari lao wamechoka, wana matope magotini na picha nyingi kwenye simu.

Ukisimama njiani na kutazama chini unaona maisha yake ya kwanza. Bonde lote limefunikwa mabanda ya plastiki ya mashamba makubwa, yanameta kwa jua la asubuhi mithili ya maji. Ndani ya mabanda hayo alikata mawaridi kwa miaka kumi na sita.

"Ua la safari ndefu hukatwa likiwa bado limefumba mdomo," anaeleza. "Likianza kucheka umechelewa, huyo hafiki. Kwa hiyo mimi na mawaridi tulijuana yakiwa yamenuna. Yakichanua, yanachanua mbele ya watu wengine, mbali huko."

Alikuwa mkataji mwepesi, tena msafi, wa aina ambayo msimamizi huwapa wapya waige. Lakini mkasi wa kutwa nzima na zamu za chumba cha baridi cha kuhifadhia maua vilimla vidole. Vikaanza kufa ganzi.

"Asubuhi mimi naamka, vidole vinabaki vimelala," anasema, akivitazama kama watoto wakaidi. "Namwambia mume wangu, nifungie kifungo. Ananifungia. Mwanamume mzima, fundi wa pampu za maji, kila alfajiri anamfunga mkewe vifungo."

Kisha soko likalegea na shamba likapunguza watu. Waliitwa kwenye banda la kufungashia, majina yakasomwa. "Langu lilikuwa la pili," anakumbuka. "Nikashukuru. Wale wa mwisho waliteseka kwa kusubiri."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Aliyezoea kutoka na giza na kurudi na giza alijikuta nyumbani mchana kweupe, hajui aanzie wapi. Mumewe, mtu mpole anayezungumza huku mikono ikifungua nati, anasema alimkuta akifagia uwanja aliokwisha kuufagia mara mbili.

"Nikamwambia, mke wangu, hiyo ardhi nayo ina mwisho," anasema fundi huyo. "Utafagia tutumbukie."

Bahati ilikuja kwenye gari lililopotea. Wageni wanne, njia panda, wanatafuta pango la michoro. Alijaribu kuwaelekeza kwa mkono, akaona mkono hautoshi, akatangulia mbele. Njiani mmoja akauliza mbona maua ya mabandani hukatwa kabla hayajachanua.

"Nilifungua mdomo nikashindwa kuufunga," anasema, akicheka. "Miaka yote kumi na sita ilitoka siku ile. Nikawaonyesha ua linavyougua, linavyopata kiu, linavyomjua anayelishika vibaya. Tulipofika pangoni jua lilikuwa limeshapita utosi. Wakaniuliza, wewe ndiwe mtembezaji wa hapa? Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza asubuhi ile."

Wale wanne wakawaambia wengine, na hao wakaleta wengine. Mwaka ulipogeuka, alikuwa akipata wageni karibu kila mwisho wa juma. Mwezi mzuri humpa kiasi kinachokaribia mshahara wake wa zamani, na msimu wa mvua humpa nusu au chini ya hapo. Lakini ana furaha ambayo chumba cha baridi hakikuwahi kumpa. Na vidole, polepole, vilianza kuamka.

Palikuwa na jambo moja tu. Njia ya kwenda pangoni hupita katikati ya shamba la wifi yake.

Wifi huyo ni dada mkubwa wa fundi pampu, mjane mrefu mwenye shingo iliyonyooka na ulimi ulionolewa pande zote mbili. "Wifi yangu akikusalimia," anasema Bi Taratibu, "unajiangalia kwanza kama umevaa sawasawa." Mayungiyungi yake yanasifika bonde zima. Lori la mnunuzi huanzia kwake kabla ya kwa mwingine yeyote.

Mwanzoni hakukataa watu wapite. "Wapite," alisema, "ila mdomo wafunge na miguu waichunge."

Asubuhi ya siku mambo yalipokwenda mrama, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Lilikuja basi la wanachuo, mara mbili ya idadi waliyosema kwenye simu. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Mwalimu wao, mtu mzima mwenye goti bovu, aliteleza nyuma kabisa ya msafara, na Bi Taratibu akarudi kumshika mkono.

Huko mbele vijana wakaliona shamba. Mayungiyungi yalikuwa yamefikia siku yake, kesho yake lori lingekuja. Mmoja akaingia kati apigwe picha, mwenzake akamfuata, kisha wote wakamiminika.

"Nilipofika juu ya kona, nilisikia vicheko," anasema. "Nikaona vichwa vya watu pale panapopaswa kuwa vichwa vya maua."

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono kiunoni. Hakupiga kelele. Alisubiri wanachuo watoke shambani, mmoja mmoja, wakiwa na aibu zao na matope yao. Ndipo akasema maneno ambayo sasa hivi kila mtu hapa anayajua kwa moyo.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi wageni wamekuja, nimeugua."

Jioni ile alikata miiba akaziba njia, tita juu ya tita. Ndugu, jamaa na majirani walipomsihi, jibu lake lilikuwa moja: "Pango halijaenda popote. Waende kwa mabawa."

Wengi walimwambia Bi Taratibu ajitetee. Kosa si lake, walisema, yeye alikuwa nyuma akimsaidia mtu aliyeanguka, na vijana wale wana akili zao. Alikataa.

"Wageni walikuwa wangu," anasema. "Na mgeni akiwa wangu, miguu yake pia ni yangu. Nisingeweza kuchukua shukrani yao halafu nikakataa nyayo zao."

Alikwenda kwa wifi yake na fidia mkononi, kila alichokuwa nacho pamoja na alichoongezewa na mumewe. Ilirudishwa pale pale kizingitini. "Hela nimeziona tangu sijakujua," alijibiwa. "Mimi nataka maua yangu."

Fundi pampu akabaki katikati, mkono mmoja kwa mke, mwingine kwa dada. Nyumbani ananuniwa kwa kutosema, kwa dada ananuniwa kwa kusema. "Watu husema wapiganapo tembo nyasi huumia," anasema akitikisa kichwa. "Mimi ndizo zile nyasi. Tena nilikuwa nimeshaanza kukauka."

Wageni wakapungua. Bila pango, safari ilikuwa nusu. Waliokuja waliishia kwenye mashamba ya chini na kurudi wakiulizana kama ndiyo basi. Bi Taratibu akaanza kuukodolea macho ufagio wake tena.

Usiku mmoja alikumbuka kitu anachokijua mkulima yeyote wa yungiyungi: ua likikanyagwa hufa, lakini kitunguu chake kilichoko ardhini huwa hai. Kinachokiua ni udongo ulioshindiliwa juu yake, ukakauka ukawa kama sakafu. Kikifunguliwa mapema kitachipua.

Kulipokucha alichukua jembe dogo, akazunguka kwa nyuma, akapiga magoti mwisho wa mstari wa kwanza wa wifi yake. Hakubisha hodi wala kusema neno. Akaanza kuufungua udongo kwa ncha ya jembe na kwa vidole, kitunguu baada ya kitunguu.

"Vidole vile vile," anasema. "Nilikuwa sivisikii vizuri, kwa hiyo ilinibidi niangalie kila kimoja kinafanya nini. Ilikuwa kazi ya polepole sana."

Wifi alimwona. Alifungua dirisha akalifunga. Siku ya pili alitoka, akamwaga maji ya kuoshea vyombo karibu kidogo na mgeni wake kuliko ilivyohitajika, akarudi ndani. Siku zilizofuata hakutoka kabisa.

Bi Taratibu alijikaza kisabuni. Alikuja kila asubuhi, akafanya mistari yake, akaondoka jua likipanda. Alikuwa katikati ya shamba aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Hilo jembe unalimia au unalibembeleza?"

"Nalima, wifi."

"Kwa mwendo huo? Taratibu, taratibu, kama unamvua nguo bibi harusi!" Wifi akageukia nyumba ya jirani, akapaza sauti ili asikike hadi ng'ambo. "Njooni mumwone Bi Taratibu!"

Hivyo ndivyo jina lilivyozaliwa. "Nililitoa kwa dharau," anakiri wifi mwenyewe, bila kuonyesha dalili ya kujuta. "Yeye akaligeuza bango la biashara."

Lakini ulimi ukishaanza kusema, hata kama ni matusi, umeanza. Kesho yake kilikuja kikombe cha chai, kikawekwa chini kwa kishindo.

"Haina sukari," alisema wifi. "Sijakusamehe kiasi hicho."

Bi Taratibu alikunywa chai chungu siku nne. Siku ya tano alionja, akaendelea kupiga magoti ili mwenye chai asimwone anavyolia.

Mstari wa mwisho waliufungua pamoja. Wakiwa hapo, mikono imejaa udongo, wifi aliuliza kitu ambacho inaonekana kilikuwa kimemkereketa muda mrefu.

"Hivi huko pangoni huwa unawaambia nini?"

Akamwambia. Alimweleza kuhusu michoro myekundu, watu waliopangana mstarini, na jinsi anavyowaeleza wageni kwamba hao ni wawindaji wanaomvizia mnyama. Wifi alicheka hadi akakaa chini kwenye matope.

"Wawindaji! Mkuki uko wapi? Mtu anakwenda kuwinda ameshikana mikono na jirani yake?"

*

Leo, mbele ya jiwe lenyewe, ni wifi anayesema. Bi Taratibu amekaa pembeni juu ya kitenge chake, anamenya viazi vya kuchemsha na kuwagawia wajukuu. Pango si refu. Ni kama mdomo mpana wa jiwe uliofunguka kuelekea bondeni, na ukutani, kwa rangi iliyofifia kama damu ya zamani, kuna watu wembamba walioshikana mikono. Nyuma yao, mbali kidogo, yupo mdogo mmoja ameinua mkono.

"Babu yetu alikuwa akijikinga mvua hapa na mbuzi zake," anasimulia wifi, na shingo ile ndefu inazidi kunyooka. "Mimi nilikuwa nakuja naye. Aliniambia hawa wanakwenda mahali pa furaha. Huyu wa nyuma amechelewa. Anawapigia kelele, nisubirini! Wataalamu wakija wana maelezo yao, na babu alikuwa na yake. Aliyechora hakuacha barua. Chagueni."

Kisha bibi mwenye fimbo, aliyepanda kilima kwa vituo saba na malalamiko kumi na saba, anainua mkono wake kama yule wa ukutani.

"Huyo ni mimi leo," anasema.

Pango zima linaangua kicheko. Mwanawe mkubwa anamsogelea, anamkalisha, anaacha mkono wake begani mwa mama yake muda mrefu kuliko picha inavyohitaji.

"Hilo nisingeweza," ananong'ona Bi Taratibu, akimtazama wifi yake kwa macho ya mtu anayejivunia mtoto wake. "Mimi najua maua. Yeye anajua watu. Ukimsikiliza unasahau kwamba alikutukana asubuhi."

Miiba iliondolewa siku mvua ya kwanza ya msimu uliofuata iliposhuka na vichipukizi vya kijani vikatokeza kwenye mistari yote, isipokuwa miwili ambayo haikupona. Njia ya sasa haikati shamba kwa katikati. Mawifi hao waliisogeza ukingoni, wakapanga mawe kwa mikono yao, na fundi pampu akavuta kamba kutoka mti hadi mti. Mapato ya pangoni wanagawana nusu kwa nusu. Hawajawahi kugombana juu ya hilo. Wanagombana juu ya mengine yote.

"Amechelewa leo," wifi anawalalamikia wageni wakati wa kuteremka. "Huyu mwanamke ukimtuma akaite zimamoto, nyumba itajengwa upya kabla hajafika."

"Ndiyo maana sikukuta moto kwako, wifi," anajibiwa. "Nilikuta majivu yenye joto, nikayaota."

Kwenye kijiji cha wafinyanzi, mkwe mwenye viatu vyeupe (si vyeupe tena) anakaa kwenye kigoda na kujaribu kuumba chungu. Kinapinda, kinalala, kinakuwa kitu kisicho na jina. Mfinyanzi, mama mnene mwenye udongo hadi viwikoni, anakitazama kwa makini na kusema kinafaa sana kuwekea aibu. Anakifunga kwenye gazeti ampe akaende nacho mjini.

Familia inaagana na Bi Taratibu njia inapoishia. Bibi anamshika vidole vyote viwili viwili, anavisugua kama anavipasha moto. Gari linaondoka likitoa vumbi.

Mtu angedhani siku imekwisha. Lakini badala ya kupanda kurudi nyumbani, Bi Taratibu anakaza kitenge, anateremka bondeni, hadi kwenye geti la shamba kubwa ambako jina lake lilisomwa la pili.

Ni saa ya kutoka kazini. Wanawake wanamwagika nje kwa mamia, mabegani mifuko ya chakula, mikononi alama za miiba. Wengi wanamjua. Wanamkumbatia, wanamtania kwamba amenenepa kwa hela za wageni.

Tangu mwezi uliopita amekuwa na wazo ambalo halimpi usingizi. Anataka Jumapili moja ya kila mwezi iwe ya wakataji wenyewe. Wasilipe chochote. Wapande kilima, wayaone maua yaliyochanua, wamsikilize wifi yake pangoni, waangalie kutoka juu mahali wanapoinamia wiki nzima.

"Kwa miaka yote ile nilikuwa nakiona kile kilima kutoka dirisha la banda," anasema. "Sikuwahi kupanda. Jumapili ni ya kufua. Sikujua kama mtu kama mimi naye anaweza kuwa mgeni."

Wifi alipoambiwa mpango huo alisema ni upuuzi, kisha akauliza watakuja wangapi ili aandae chai. Alisisitiza kwamba itakuwa na sukari.

Getini, mwito haupokelewi kirahisi. Mwanamke mmoja aliyewahi kukata mstari mmoja na Bi Taratibu anasimama, anaweka mfuko chini, anashika mgongo.

"Kutembea tena?" anasema. "Dada, mimi nimetembea kutwa nzima! Mistari ya waridi, kwenda na kurudi, mpaka nyayo zinanipigia kelele. Leo hii uniite nikatembee?"

Wenzake wanacheka. Wengine wanaanza kuondoka.

"Huko ulikuwa unatembezwa, mwenzangu," anasema Bi Taratibu. "Jumapili utembee."

Kicheko kinapungua. Mwanamke yule anakigeukia kilima. Jua la jioni limekipiga ubavuni, na ukiangalia vizuri, juu kabisa, mdomo wa pango unaonekana. Anakitazama kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani ambayo hajawahi kualikwa.

"Nije na nini?" anauliza hatimaye.

"Njoo mikono mitupu."